Koti la Kisiwa Kisicho na Mti

Koti lilikuwa juu ya meza ya Inspekta Samira Hasani tangu asubuhi, na kila aliyeingia ofisini alilisifia kwanza ndipo akakumbuka kuwa ni kielelezo cha mauaji. Huwezi kuwalaumu. Mbulu mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka kwenye mabati ya soko, na watu wakikutana wanatazamana makoti kabla ya nyuso.

"Afande, hili ukilivaa unaweza kulala nje na ng'ombe," alisema Koplo Gidion, skafu ikiwa imemfika masikioni. "Kesi ikiisha linakwenda wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe si amekufa."

"Basi kwa dada yake."

"Dada yake si ndiye aliyemuua."

Samira alikuwa mtoto wa wenye duka wa Katesh, amekulia nyuma ya kaunta, na kitu kimoja alichotoka nacho dukani ni kutouamini mzigo uliofungwa vizuri mno. Na kesi hii ilikuwa imefungwa vizuri mno.

Mwenye koti aliitwa Lameck Baltazar, kijana wa Daudi aliyesomea mimea. Alikuwa amekaa mwaka mzima na watafiti kwenye kisiwa cha Marion, kimoja kati ya visiwa viwili vilivyo peke yao kusini kabisa, meli ikitoka Cape Town ikielekea kwenye barafu. Alirudi nyumbani na koti hili la rangi ya chungwa, zito, lenye bitana ya manyoya meupe. Hakuna mtu Daudi nzima aliyekuwa na jingine kama hilo.

Muda mfupi baada ya kurudi, baba yake alipigwa na radi shambani. Padri alizika, watu wakaimba, kisha wazee wa ukoo wakafanya lao: nyumba ikawekwa kwenye metimani. Kanisa limehubiri dhidi ya jambo hilo miaka na miaka, lakini radi ni radi. Nyumba ya namna hiyo inatengwa. Watu wake hawaendi kwa majirani na majirani hawaji kwao, ng'ombe wao wanachungwa peke yao, maji yao yana mahali pake, na njiani linalazwa tawi la miiba ili mgeni asiingie kwa bahati mbaya. Ndani walibaki wawili tu, Lameck na dada yake Evaline.

Jumanne asubuhi Evaline alimkuta kaka yake kwenye korongo, chini kidogo ya msitu, amepasuka kisogo, koti liko kando yake. Daktari alisema amepigwa na kitu kizito, lakini kuhusu saa hakutaka kujifunga. Kwa baridi ile, alisema, ingeweza kuwa Jumatatu mchana, ingeweza kuwa usiku. Majirani ndio waliojifunga. Jumatatu jua likizama walimwona Lameck akitembea ukingoni mwa bonde na koti lake. Kwa hiyo aliuawa baada ya hapo. Na baada ya hapo, kwenye nyumba iliyotengwa, nani angekuwa naye isipokuwa dada yake? Tena walisikika wakigombana Jumapili.

Kesho asubuhi Evaline angepelekwa mahakamani kusomewa shitaka la mauaji, shitaka lisilo na dhamana. Angekaa gerezani hadi kesi itakapokwisha, na kesi za namna hiyo haziishi upesi.

Samira alivaa glavu, akaligeuza koti.

"Damu iko wapi?"

"Kwenye sweta la marehemu, afande. Kola yote."

"Kwenye koti?"

Gidion akainama. "Hakuna."

"Kwa hiyo alipopigwa hakuwa amelivaa."

"Alikuwa amelivua."

"Jua likishazama? Wewe Jumatatu jioni ulivaa nini?"

Gidion akafikiri. "Sweta, koti, na shuka ya mama."

"Ulivua saa ngapi?"

"Sijavua mpaka leo."

"Na Jumatatu mchana?"

"Mchana jua lilitoka kidogo. Mke wangu hata alianika nguo." Akalitazama koti tena. "Mchana mtu angeweza kuvua koti."

"Mchana angeweza."

Aliingiza mkono ndani ya mkono wa koti, mpaka kwenye kiwiko, akitafuta mfuko wa siri au doa lolote. Hakupata kitu. Alipoutoa, Gidion alimnyooshea kidole.

"Umepata kishonanguo, afande."

Kwenye sweta lake, juu kidogo ya glavu, kulikuwa na kidude cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mtama. Samira alitaka kukipangusa, akasita. Kishonanguo anakijua kila aliyewahi kukatiza shamba: ni kisindano chembamba chenye meno mwishoni. Hiki kilikuwa cha mviringo, na kila upande kilitoa mwiba uliopinda ncha kama ndoana. Alikivuta. Kilikuja na uzi wa sweta.

Alikishika kwa kibano, akakitia kwenye bahasha, akashuka mahabusu.

*

Evaline Baltazar alikuwa amekaa sakafuni, amejifunika blanketi, macho yamekauka. Alinyanyuka alipomwona Samira, kwa adabu zaidi kuliko kwa matumaini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Afande, kuna mtu amekwenda kwa ng'ombe?"

"Sijui."

"Hakuna," alijibu mwenyewe. "Nani aende? Wapo zizini tangu mlipokuja kunichukua. Mmoja ananyonyesha."

Samira alimwonyesha bahasha. Evaline alitazama ndani, na kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika.

"Umekitoa kwenye koti. Usikitupe nje! Lameck angekasirika sana."

"Ni nini?"

"Ni mbegu ya kule kisiwani. Ina jani zuri tu, linatambaa chini. Lakini mbegu yake inakamata kila kitu. Inakamata manyoya ya ndege, ndege wanaipeleka kwingine. Alikuja nazo bila kujua, kwenye bitana. Alipoziona aliona aibu, kwa sababu wao kabla ya kupanda meli ya kwenda kule wanapekuliwa mpaka kwenye mifuko, mtu asiingize mbegu ya huku. Hakuna aliyefikiria yeye kutoa ya kule. Kila jioni alikaa jikoni anazitoa, anazitia motoni. Alisema Daudi ni baridi, zikianguka zitaota, na zikiota hatujui zitaua nini."

"Kwa nini hakuacha kulivaa?"

"Afande, wewe umelala Daudi?"

Samira alikubali kwamba hajalala. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Niambie juu ya hicho kisiwa."

Evaline alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakamjia. Ilionekana tangu kaka yake afe hakuna aliyemwuliza kitu isipokuwa alikuwa wapi na alifanya nini. Alisema kule upepo haupumziki, hata nzi hawana mabawa, maana mwenye mabawa angepeperushwa baharini. Wanatembea juu ya majani ya kabichi ya mwituni, kabichi ambayo haina nyuki wa kuihudumia, inategemea huohuo upepo. Kuna sili wakubwa kama trekta wanaolala ufukweni wakikoroma, na pengwini wamesimama kwa maelfu wakipiga kelele kuliko mnada wa Dongobesh. Kuna mmea unaoota kama godoro, mviringo, laini. Ukiukanyaga mara moja, alama ya buti lako inabaki miaka.

"Ndiyo maana hakutoka njiani," alisema. "Hata hapa. Palipo na majani mabichi alizunguka. Mimi nikikatiza ananigombeza. Watu walimcheka, wanasema amerudi na kichaa cha wazungu."

"Siku zote alipita njiani?"

"Siku zote. Na kule hakuna mti, afande. Hata mmoja. Mwaka mzima hajaona mti. Alipofika nyumbani alikwenda msituni kabla hajanywa chai. Aliukumbatia mtarakwa, nikamwona kwa macho yangu, nikaona aibu kwa niaba yake."

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio. Samira alingoja. Alimhurumia, na hakuona sababu ya kuficha kuwa anamhurumia, kwa hiyo alimpa kitambaa chake.

"Jumapili mligombania nini?"

"Miti hiyohiyo. Alikuta mitarakwa imekatwa ndani ya msitu, mingi, ya zamani. Alijua nani anakata. Alitaka kwenda kusema kwa watu wa misitu. Nikamwambia tuko kwenye metimani, ngoja siku ziishe, utatuongezea balaa. Akasema miti haingojei."

"Nani anakata?"

"Hakuniambia. Alisema kwanza atazungumza naye, kwa kuwa ni ndugu." Alijifuta pua. "Kule kisiwani kuna panya. Waliletwa na meli zamani. Usiku wanamla kinda wa albatrosi akiwa hai, ndege mkubwa kuliko bata mzinga, na yeye amekaa tu kwenye kiota. Nikamwuliza kwa nini asimdonoe, asikimbie? Akasema hajui kama yule ni adui. Tangu dunia iumbwe hakuna mnyama wa miguu minne aliyemwendea pale."

*

Bibi Marieta aliishi ng'ambo ya bonde, mkabala na nyumba ya akina Lameck. Walimkuta akimenya viazi vitamu mlangoni, amejifunga migolole miwili.

"Shikamoo, bibi," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja tena kwa habari ya yule kijana."

"Ndiyo, bibi," alisema Samira. "Jumatatu jioni ulimwona."

"Nilimwona, na mkwe wangu naye alimwona. Alitoka upande wa kwao akapita pale ukingoni." Alinyoosha kisu. Ukingo ulikuwa mbali, mwendo wa kupiga kelele mtu asikusikie. "Alikuwa na lile koti lake."

"Alikuwa na hali gani usoni?"

"Mwanangu, mtu wa metimani unamtazama usoni ya nini? Ukimwona unageuka. Mkikutana njiani unarudi ulikotoka. Hata yeye anajua, hakupungii mkono."

"Kwa hiyo hamkusalimiana."

"Tusalimianeje?"

"Uliona nini hasa, bibi?"

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Bibi Marieta alikuwa mtu mkweli, na watu wakweli huumia wanapolazimika kurudia maneno yao.

"Niliona koti," alisema.

"Halafu koti likaelekea wapi?"

"Lilikata katikati ya majani, pale penye unyevu, likashuka korongoni."

"Halikufuata njia?"

"Njia inazunguka. Mtu yeyote angekata."

Samira alimtazama Gidion. Gidion alikuwa ameacha kuhangaika na skafu yake.

"Mtu yeyote," alisema Samira. "Isipokuwa mmoja."

Walipokuwa wanarudi kwenye gari, Gidion ndiye aliyeanza.

"Afande, aliyefanya hivi ni mtu wa hapa hapa. Mgeni angeogopa kuonekana. Huyu alitaka aonekane, na alijua hakuna atakayemsogelea."

"Na alitaka aonekane jioni. Kwa nini?"

"Kwa sababu jioni yeye mwenyewe alikuwa na watu." Alifungua mlango wa gari bila kuingia. "Nicodemo. Mtoto wa baba mdogo wa akina Lameck. Siku ile tunachukua maelezo ya ukoo, nilimwuliza jina tu. Akaniambia jina, na kwamba Jumatatu kuanzia jua kuzama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya kigangoni. Sikuwa nimemwuliza jioni."

"Anafanya kazi gani?"

"Seremala," alisema Gidion, na sauti yake ikashuka. "Vitanda vyake vinanukia mtarakwa. Mimi mwenyewe nimelalia kimoja."

*

Njiani Samira aliomba wapite nyumbani kwa akina Lameck. Gari lilisimama kwenye tawi la miiba, na Gidion alizima injini akabaki na mikono kwenye usukani. Alizaliwa kata hiyohiyo, upande wa pili wa mlima.

"Nakungoja hapa, afande."

"Kuna ng'ombe wana kiu."

"Najua. Nawasikia."

Samira hakumshurutisha. Aliruka tawi, akatafuta ndoo, akachota kwenye kijito cha nyuma ya nyumba. Kwao Katesh maziwa yalitoka kwenye pakiti, na ng'ombe walitambua hilo upesi. Mmoja alimwaga ndoo ya kwanza, mwingine akamkanyaga kidole. Hatimaye walikunywa. Yule mwenye ndama alikunywa bila kuinua kichwa, na Samira alisimama akimtazama huku maji yakiwa yamejaa kwenye viatu vyake, akiwa na hasira na watu wote wa bonde lile, pamoja na aliyekuwa kwenye gari.

*

Kwaya ilikuwa mazoezini walipofika kigangoni, alasiri, watu wapatao ishirini kwenye mabenchi, wote wamevaa masweta mapya ya rangi ya zambarau. Nicodemo, ambaye ndiye mwalimu wao, alisimama mbele. Alikuwa mtu mpana, mwenye tabasamu la kuwapokea wageni, na aliunyamazisha wimbo kwa kidole kimoja.

"Karibuni, afande. Tunajiandaa na misa ya kumwombea ndugu yetu."

"Asante. Sitawachelewesha. Nataka kuhakikisha maelezo yako tu, au unapenda tutoke nje?"

"Hapa hapa. Sina siri na wenzangu."

"Vizuri. Tangu mazishi ya baba yake, ulikutana na Lameck?"

"Sikumsogelea. Waulize hawa. Tawi la njiani nililikata mimi, nikalilaza mimi kwa mkono wangu."

Wanakwaya walitikisa vichwa kukubali.

"Hata mara moja? Labda mlikutana msituni, kwa bahati."

"Afande, wewe si wa huku, sikulaumu. Mtu wa metimani hukutani naye kwa bahati. Unamkimbia."

"Na lile koti lake? Umewahi kulishika, kulijaribu?"

"Nishike nguo ya mtu aliyetengwa?" Alicheka, akawageukia wenzake, nao wakacheka kidogo. "Hata bure silitaki."

"Masweta yenu ni mazuri. Mlipata lini?"

Mama mmoja wa benchi la mbele alijibu kwa fahari kabla yake. "Jumapili iliyopita, afande! Yametoka kwa fundi wa Mbulu mjini. Tulianza kuyavaa siku hiyo."

"Baada ya mazishi ya mzee Baltazar?"

"Baada, baada. Mazishi tulikwenda na yale ya zamani."

"Na Jumatatu mazoezini?"

"Wote tulivaa. Hata mwalimu. Alikuja nalo, na jasho lilikuwa linamtoka kwa kuwahi."

"Naomba sweta lako," Samira alimwambia Nicodemo.

Tabasamu halikuondoka, lakini lilibaki peke yake usoni. Nicodemo alivua sweta. Samira alilitandaza juu ya kinanda, akaweka karatasi nyeupe pembeni, akaukunjua mkono wa kulia kwa kibano. Hakuharakisha. Kwenye kiwiko hapakuwa na kitu. Chini kidogo, pale bitana ya koti inapokaza, kidude cha kahawia kilikuwa kimejichimbia kwenye sufu. Akakiweka kwenye karatasi. Kwenye mkono wa kushoto akapata kingine, na kingine.

"Ah, kishonanguo," alisema Nicodemo. "Mimi mtu wa mashambani."

"Koplo, kanichumie kishonanguo."

Gidion alitoka mara moja, maana kiwanja cha kigango hakikukosa. Samira aliviweka sambamba kwenye karatasi: kisindano kilichonyooka, na kile cha mviringo chenye ndoana pande zote. Akamwita yule mama wa benchi la mbele.

"Mama, hivi viwili ni kitu kimoja?"

Mama aliinama. Alikuwa amelima tangu utoto. "Hiki ni kishonanguo. Hiki sijawahi kukiona."

"Hujawahi kwa sababu hakioti Daudi. Kinaota kisiwa cha Marion, na hapa wilayani kipo mahali pamoja, ndani ya koti la Lameck Baltazar." Akamgeukia Nicodemo. "Sweta lako lina siku chache. Lameck hukumsogelea. Koti hukulishika. Sasa nieleze hivi vimefikaje. Unaweza pia kunyamaza, ni haki yako."

Nicodemo aliangalia karatasi. Hakuwa na njia. Akisema alikutana na Lameck, amevunja metimani ambayo yeye mwenyewe aliilazia tawi, na amedanganya polisi. Akisema hakukutana naye, sweta linamsuta. Samira aliona anajaribu mlango huu na ule, na yote imefungwa kwa maneno yake.

Lakini waliotangulia kujibu walikuwa wanakwaya. Aliyekaa karibu naye alisogea. Kisha wa pili akanyanyuka, akahamia benchi la nyuma. Yule mama alirudi kinyumenyume. Hakuna aliyewaambia. Mpaka wanamaliza, mbele ya ukumbi alibaki Nicodemo peke yake na kinanda.

Hicho ndicho kilichomvunja.

"Alilia," alisema, akiwatazama wao, siyo polisi. "Mtu mzima analia kwa sababu ya kisiki! Nikamwambia nina watoto, nina oda za vitanda. Akasema hatanipeleka popote nikienda kusema mwenyewe. Jua lilikuwa linawaka, akavua koti, akakaa pale kwenye kisiki, juu ya korongo, akanipa mgongo. Akasema, 'Kaa, Nicodemo, tutazame msitu kwanza.'"

"Na wewe ulikuwa na shoka," alisema Samira.

"Nilikuwa na shoka."

Lameck hakukimbia. Alikaa tu. Samira alimkumbuka ndege wa Evaline kwenye kiota chake, akamwambia Gidion alete pingu.

*

Asubuhi iliyofuata, gari ambalo lingempeleka Evaline mahakamani lilimpeleka nyumbani. Shoka lilikuwa limeshapatikana chini ya maranda ya karakana, na Afande Doto, mkuu wao, alikuwa ametia sahihi ya kumwachia bila kumtazama mtu yeyote machoni. Evaline alikuwa amesema jambo moja tu alipoambiwa jina: kwamba Nicodemo ndiye aliyewafundisha wote wawili kuogelea.

Kwenye tawi la miiba Gidion alizima injini. Evaline alishuka.

"Asanteni. Mnaweza kurudi. Sasa ni misiba miwili, wazee wataongeza siku."

Gidion alitazama tawi. Samira alimwona akilitazama. Kisha koplo akafungua mlango, akavua skafu, akaruka upande wa pili na kuelekea zizini.

"Gidion!" Evaline alishtuka. "Watakutenga!"

"Basi nitapata likizo," alijibu bila kugeuka. "Ndoo iko wapi?"

Jikoni Evaline aliwasha moto. Samira alinyoosha mikono kuota, na Evaline, aliyekuwa akipuliza, akaacha kupuliza. Alimshika inspekta mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akachomoa kitu kwenye ncha ya sweta kwa kucha mbili, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo jioni nyingi.

"Hiki mnakihitaji?"

"Tunavyo vya kutosha," alisema Samira. Akasita. "Ukitaka, kiweke. Koti litakaa mahakamani muda mrefu."

Evaline alikiweka kwenye kiganja. Hakikuwa na uzito wowote. Kilikuwa kimetoka mbali kuliko mtu yeyote wa kata ile, isipokuwa Lameck, alikowahi kufika, na katika vyote alivyokuja navyo kaka yake, ndicho pekee kilichobaki ndani ya nyumba.

"Nilikuwa namwambia acha, unajitesa bure, kitu kidogo hivi kitafanya nini," alisema. "Ananijibu, kule hata panya alikuwa mdogo."

Akakitia motoni, akaendelea kupuliza.